Uzi: Barua za Askofu Mkuu Davidson na mawaziri wa makoloni kuhusu kazi za shuruti Afrika Mashariki, 1919–1923. Namna ya kuzifuatilia na kuzisoma

Masjala Kuu (mleta mada)

Wakuu, kila ikitajwa habari ya Waraka wa Northey, agizo la serikali ya Kenya la 1919 kuhusu kuwapatia walowezi watu wa kazi, hujitokeza watu wa aina mbili. Wapo wanaosema maaskofu waliokoa Waafrika, na wapo wanaosema maaskofu walikuwa mkono wa mlowezi. Wote hunukuu barua, na barua zenyewe huwa wamezisoma vibaya. Huu uzi ni wa kuelewa mtambo wa hizo barua: nani aliandika, zilipita mezani kwa nani, jibu lilitungwa na nani, na leo utazikuta wapi.

Randall Davidson alikalia kiti cha Canterbury, yaani uongozi wa Kanisa la Anglikana Uingereza, 1903 hadi 1928. Mawaziri wakuu saba walipita yeye yupo: Balfour, Campbell-Bannerman, Asquith, Lloyd George, Bonar Law, Baldwin na MacDonald. Kuanzia 1919 hadi 1923, kipindi tunachokijadili, Wizara ya Makoloni ilishikwa na watu watatu: Lord Milner (Januari 1919 hadi Februari 1921), Winston Churchill (hadi Oktoba 1922), kisha Duke wa Devonshire (hadi Januari 1924). Kaa na tarehe hizi karibu, maana barua isiyo na jina la mpokeaji utaitambua kwa tarehe tu.

Davidson alikuwa na njia tatu za kumfikia waziri. Ya kwanza ni barua rasmi, ya wizara. Ya pili ni barua binafsi, inayomwita waziri kwa jina lake bila cheo. Ya tatu ni kumwona uso kwa uso, kwa sababu Lambeth, makao yake London, iko ng'ambo tu ya mto Thames ukitokea Bungeni, na yeye mwenyewe alikuwa na kiti katika Nyumba ya Malodi. Kila njia iliacha karatasi za aina yake, na hapo ndipo wengi hupotea.

Barua rasmi ikifika Downing Street, ilipokuwa Wizara ya Makoloni, masjala iliipiga muhuri wa tarehe, ikaipa namba, ikaifunga kwenye jalada lenye karatasi ya madokezo. Karani wa chini wa idara ya Afrika Mashariki ndiye aliyeanza: muhtasari wa barua, majalada ya nyuma yanayohusika, pendekezo la jibu. Likapanda kwa mkuu wa idara, W. C. Bottomley. Likapanda kwa Sir Herbert Read. Likapanda kwa Katibu Mkuu, Sir George Fiddes (tangu 1921 Sir James Masterton-Smith), kisha Naibu Waziri, ambaye chini ya Milner alikuwa Leo Amery. Waziri alikuwa wa mwisho. Kila mmoja aliweka herufi za jina lake na tarehe. Rasimu ya jibu ikashuka na masahihisho ya wino, ikachapwa, ikatiwa saini, ikatoka.

Kwa hiyo ukiona barua ya Milner kwenda Lambeth, nzuri na yenye heshima zote, usiseme "Milner aliamini hivi". Uliza rasimu iliandikwa na nani, na nani alikata sentensi gani. Mawazo halisi ya wizara yamo kwenye madokezo. Barua ni uso wake tu.

---

Njia Panda

Asante mkuu. Ila wengine tumeingia katikati. Huo Waraka wa Northey ulisema nini hasa, na maaskofu wanaingiaje?

---

Thogoto

Njia Panda, kwa kifupi. Waraka una tarehe 23 Oktoba 1919. Unaitwa wa Northey kwa sababu Sir Edward Northey ndiye alikuwa Gavana, ila aliyetia saini ni John Ainsworth, Kamishna Mkuu wa Wenyeji. Hali ilikuwa hivi: vita vimekula wapagazi kwa maelfu, homa ya mafua ya 1918 imepita, njaa imepita, na papo hapo serikali inagawa mashamba mapya kwa askari wazungu waliotoka vitani. Walowezi wanataka watu wa kazi.

Waraka uliwaagiza maofisa watumie kila ushawishi ulio halali kuwasukuma wanaume wenye nguvu watoke kwenda kazini mashambani. Machifu na wazee walitakiwa kusaidia. Wanawake na watoto wa karibu na mashamba nao wahimizwe. Na kipengele kibaya kuliko vyote: afisa aweke orodha ya machifu wanaosaidia na wasiosaidia, Gavana apelekewe taarifa. Mwishoni kuna tishio kwamba ikiwa haya hayatatosha, hatua nyingine zitafuata.

Hebu fuata amri hiyo inavyoteremka. Gavana anasema "himizeni". Mkuu wa Wilaya anamwita chifu na kumwambia anahitaji watu. Chifu anajua kuna orodha. Anawatuma askari wake kijijini. Neno lililotoka Nairobi likiwa ushawishi limefika bomani likiwa dokezo la vitisho, na kijijini limeshakuwa kamba.

Mwezi uliofuata, Novemba 1919, wakatoa waraka wao R. S. Heywood wa Mombasa, J. J. Willis wa Uganda, na Dk. J. W. Arthur wa misheni ya Kanisa la Scotland. Jambo hilohilo ndilo waliloligusa: kwa mtu wa kijijini, kidokezo cha serikali na amri ya serikali ni kitu kimoja.

Halafu inakuja sehemu ambayo watu hawaisomi. Hawakukataa shuruti. Walisema ikiwa shuruti haikwepeki, basi iwe wazi na ya kisheria, kwa kazi za umma, kwa wanaume wenye afya, kwa muda uliowekwa na chini ya masharti ya ulinzi. Hoja ilikuwa kwamba shuruti ya wazi inaweza kukaguliwa, shuruti ya kujificha haikaguliki.

---

Mwalimu wa Zamu

Ndiyo maana nasema walikuwa lao moja. Mtu anakubali shuruti halafu tumwite mtetezi?

---

Thogoto

Mwalimu, hoja yako ina nguvu na kuna askofu aliyeisema kabla yako, tena kwa ukali zaidi. Namwachia Bint Muheza.

Ila usiyachanganye mambo mawili. Sheria iliyokuja 1920, ya kurekebisha sheria ya mamlaka ya wenyeji, iliruhusu kazi ya shuruti yenye malipo hadi siku 60 kwa mwaka kwa shughuli za serikali, na ikamsamehe yule aliyefanya kazi miezi 3 katika miezi 12 iliyotangulia. Utaona msamaha huo unamsukuma mtu wapi: kwa mlowezi. Shuruti ya serikali ikawa fimbo ya kumpeleka mtu shambani "kwa hiari". Waraka wa maaskofu ulitaka shuruti yenye uzio. Serikali ikachukua neno shuruti, uzio ikauchagua yenyewe.

---

Bint Muheza

Naam. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar. Alifika Unguja 1898 na UMCA, misheni ya Kianglikana, akawekwa askofu 1908, akafa Hegongo, karibu na Magila, tarehe 2 Novemba 1924. Kenya haikuwa dayosisi yake, na hili lina maana kwenye nyaraka: hakuwa na njia rasmi ya kumwandikia Gavana wa Nairobi kama askofu wa mahali. Njia yake ilikuwa Lambeth, au uwanja wa wazi.

Alitumia vyote viwili, na kalamu yake aliifahamu vizuri. Mwaka 1918 alichapisha barua ya wazi kwa Jenerali Smuts, ambaye wakati huo alikuwa kwenye Baraza la Vita la Uingereza, kueleza ukatili wa utawala wa Kijerumani ili nchi isirudishwe kwao. Waingereza waliipenda sana barua hiyo. Mwaka 1920 akachapisha kijitabu kingine, safari hii akiwaita Waafrika wa Kenya watumwa wa Uingereza. Hapo upendo ukapungua.

Weston alipinga Waraka wa Northey na pia waraka wa maaskofu wenzake. Kwake yeye shuruti ya kazi ilikuwa kinyume cha Ukristo, iwe na sheria au isiwe nayo. Na msisahau huyu si mtu aliyekuwa amekaa kitini tu: 1916 aliongoza kikosi cha wapagazi kutoka Zanzibar katika vita vya bara. Alijua mzigo unavyobebwa.

Sasa jihadharini na jambo moja mnaposoma barua zake kwa Davidson. Weston na Willis walikuwa na ugomvi wa zamani. Juni 1913 ulifanyika mkutano wa makanisa pale Kikuyu, na Weston akamwandikia Davidson akiwashtaki Willis na Peel, askofu wa Mombasa wa wakati huo, kwa uzushi, kwa sababu ya kushiriki meza na Waprotestanti wengine. Jopo la ushauri lilikaa Lambeth Julai 1914, na Davidson akatoa maoni yake wakati wa Pasaka 1915. Kwa hiyo 1920 Davidson alipopata malalamiko ya Weston dhidi ya watu walewale wa Mombasa, Uganda na Kikuyu, alikuwa na kila sababu ya kuyasoma kwa tahadhari. Hoja ya Weston ilisimama yenyewe, lakini ilifika mezani ikiwa na harufu ya Kikuyu.

Kuhusu saini: maaskofu wa Anglikana hutia saini kwa jina la dayosisi. "Frank Zanzibar" ni Weston. "Randall Cantuar" ni Davidson. Kwenye orodha za zamani kuna watu wamemwandika "Bw. Cantuar" kama jina la ukoo. Ukimtafuta Davidson peke yake utaikosa nusu ya barua.

---

Mchimba Nyaraka

Dada Bint Muheza kaligusa, ngoja nishuke kwenye ufundi wa kuzitafuta, maana kuna mitego mingi.

Upande wa wizara uko Kew, Hifadhi ya Taifa ya Uingereza. Mfululizo wa Kenya ni CO 533, wa Uganda CO 536, wa Tanganyika CO 691. Zanzibar ilikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje hadi 1913, kwa hiyo barua za Weston za miaka yake ya mwanzo kuhusu serikali ya Unguja msizitafute kwenye Makoloni.

Katika miaka hiyo karatasi zilishonwa kuwa vitabu. Kwanza zinakuja barua za Gavana kwa mpangilio wa tarehe. Baadaye, mara nyingi katika kitabu kingine kabisa cha mwaka huohuo, zinakuja barua za ofisi nyingine, halafu barua za watu binafsi kwa alfabeti. Barua ya Davidson haikai pamoja na ya Northey inayoijibu. Iko kwa watu binafsi, na karani anaweza kuwa ameiweka chini ya Archbishop au chini ya Canterbury. Angalia zote mbili. Mpango wa jalada moja kwa mada moja ulianza baadaye, kwenye 1926, kwa hiyo msitegemee kukuta "jalada la kazi za shuruti" la 1920.

Mtego wa pili: jina la nchi. Hadi katikati ya 1920 ni Himaya ya Afrika Mashariki, baada ya hapo ni Koloni la Kenya. Daftari la usajili linakatika katikati ya mgogoro wenyewe. Mtu anatafuta Kenya 1919, anakosa, anaandika kwamba wizara haikupokea chochote.

Tatu: karatasi zilizoteketezwa. Wizara ilichambua na kuteketeza karatasi nyingi ambazo iliona hazina kazi. Daftari la masjala linabaki na namba, tarehe, jina la mwandishi na muhtasari wa mstari mmoja, pembeni limegongwa kwamba karatasi imeteketezwa. Usilidharau daftari. Mstari huo mmoja unathibitisha kuwa barua ilifika na ilifika lini.

Nne: viambatisho. Davidson mara nyingi alipeleka barua fupi yenye kiambatisho kirefu cha mtu mwingine. Idara ilipokihitaji kiambatisho kwa jambo jingine ilikihamishia jalada lile. Ukiona barua inasema "naambatanisha" na hakuna kitu, rudi kwenye dokezo la kwanza. Huandikwa namba ya jalada kilikokwenda.

Upande wa Lambeth ni tofauti kabisa. Karatasi za Davidson ziko Maktaba ya Lambeth Palace. Barua zilizoingia ni za asili, zenye saini. Zilizotoka ni nakala za kaboni kwenye karatasi nyembamba, hazina saini. Nakala ya kaboni haithibitishi kwamba barua ilitumwa. Inathibitisha kwamba ilichapwa. Mara nyingine Davidson alibadilisha nia usiku, au alienda kumwona mhusika mwenyewe. Ili useme "alimwandikia waziri", lazima upate ile ya asili upande wa pili, au jibu linaloitaja. Barua alizoandika kwa mkono wake mwenyewe nazo hatari yake ni kinyume: zilitumwa, lakini huenda Lambeth hakuna nakala.

Halafu kuna kitu cha thamani sana. Baada ya mazungumzo na waziri, Davidson alikuwa na desturi ya kuamuru kumbukumbu ichapwe: nani kasema nini, wapi, lini. Hizo ndizo za kusoma kwanza. Ila ni upande mmoja wa mazungumzo, na aliyeziamuru alikuwa mwanadiplomasia aliyewahi kuwa mtu wa karibu wa Malkia Victoria. Hakuandika ovyo.

---

Njia Panda

Na zile barua binafsi? Masjala Kuu amesema zina njia yake.

---

Mchimba Nyaraka

Barua binafsi haikupita masjala. Haina namba, haina madokezo, haimo kwenye CO 533. Waziri aliondoka nayo alipotoka madarakani. Za Milner tafuta kwenye karatasi zake, Maktaba ya Bodleian, Oxford. Pale pale Oxford kuna pia karatasi za UMCA. Za CMS, yaani ofisi iliyowatuma kina Willis na Heywood, ziko Chuo Kikuu cha Birmingham.

Wakati mwingine waziri aliishusha barua binafsi kwa maofisa "kwa ushauri". Hapo utaikuta nakala kwenye jalada rasmi, na dokezo la kuonya isitajwe katika jibu rasmi. Ukikutana na nakala ya namna hiyo umepata dhahabu, kwa sababu una barua ya siri na maoni ya makarani juu yake kwa pamoja.

---

Kitabu Bluu

Niingie na upande wa Bunge, maana barua zote hizi zililenga huko au kukwepa huko.

Tarehe ya kushika ni 14 Julai 1920. Lord Islington alileta suala la kazi za Waafrika Afrika Mashariki katika Nyumba ya Malodi. Davidson alizungumza, Milner akajibu kwa serikali. Mwezi huohuo Milner akamtumia Northey barua iliyochapishwa kama karatasi ya Bunge, Cmd. 873, pamoja na Waraka wenyewe na nyongeza za kuufafanua. Milner hakuufuta. Aliuwekea masharti na kuupitisha.

Hesabu muda uliopita. Oktoba 1919 waraka, Novemba maaskofu wanajibu, Julai mwaka unaofuata ndipo Bunge linajadili. Meli ya barua kutoka Mombasa kupitia Suez ilichukua wiki kadhaa kwenda na wiki kadhaa kurudi. Simu ya maandishi ilikuwepo, waya wa chini ya bahari ulifika Zanzibar 1879 na Mombasa 1890, lakini ulilipia neno kwa neno, na hakuna askofu wa kupeleka hoja ya kurasa nane kwa waya. Gavana alikuwa na waya wa serikali. Kwa hiyo wizara ilijua msimamo wa Northey siku hiyohiyo, ilhali Lambeth ilisubiri meli. Ukilinganisha barua mbili za tarehe moja, moja ya wizara na moja ya Lambeth, kumbuka hawakuwa na habari za umri mmoja.

Na ushauri mdogo unaookoa muda: karatasi za 1900 hadi 1918 ni Cd., kuanzia 1919 ni Cmd. Na ile ya Julai 1923 kuhusu Wahindi wa Kenya namba yake ni Cmd. 1922. Hiyo 1922 ni namba, mwaka ni 1923. Makosa haya nimeyaona hadi kwenye tasnifu zilizopitishwa.

---

Masjala Kuu

Kitabu Bluu umesema vizuri. Sasa kuna mtu hatujamtaja na bila yeye huelewi chochote baada ya Julai 1920: J. H. Oldham. Hakuwa kasisi. Alikuwa mlei, katibu wa kazi iliyoendelea baada ya mkutano wa misheni wa Edinburgh 1910, mhariri wa jarida lao tangu 1912. Ofisi yake ilipokea barua kutoka kila misheni. Alikuwa pia akiandikiana na Dk. Norman Leys, daktari wa serikali aliyewahi kufanya kazi Kenya, ambaye alimpa takwimu na mifano ambayo wamisionari walikuwa wanaona haya kuitoa.

Mgawanyo wa kazi ulikuwa hivi. Oldham anakusanya habari, anazipima, anaandika rasimu. Davidson anaifungulia mlango. Waziri hangeweza kumkataa Askofu Mkuu wa Canterbury nusu saa, wakati katibu wa misheni angeambiwa amwone Bottomley. Ndiyo maana ukisoma karatasi zilizopita Lambeth kuhusu Kenya kuanzia 1920, hasa zile za kiufundi zenye habari za siku, malipo na vipengele vya sheria, shuku mkono wa Oldham. Njia ya kuthibitisha ni kulinganisha na karatasi za ofisi yake, ambazo sehemu kubwa ziko chuo cha SOAS, London.

Desemba 1920 waraka wao mrefu kuhusu kazi na udhamini Afrika, wenye saini za wakuu wa makanisa na wanasiasa wa vyama mbalimbali, ulifikishwa kwa Milner. Ona tofauti na waraka wa maaskofu wa 1919: saini zimetoka nje ya kanisa, na ombi ni la uchunguzi wa jumla wa siasa ya Afrika Mashariki. Walitaka Tume ya Kifalme. Hawakuipata, na Februari 1921 Milner akaondoka.

---

Kitabu Bluu

Na kilichopatikana kilikuja kwa Churchill, 5 Septemba 1921, Cmd. 1509. Hapo ndipo penye ushindi, kama unalitaka neno hilo. Maofisa wa serikali wasishiriki tena kuwatafutia waajiri binafsi watu wa kazi, zaidi ya kutoa habari za wapi kuna kazi na wapi kuna watu. Shuruti kwa kazi za serikali isitumike bila idhini ya Waziri kwanza, isipokuwa upagazi wa maofisa walio safarini na mambo ya namna hiyo.

---

Mwalimu wa Zamu

Na kule kijijini? Machi 1922 mwanasiasa Harry Thuku kakamatwa, tarehe 16 watu wamepigwa risasi Nairobi. Kipande, kile kitambulisho cha kazi, kipo shingoni. Mishahara walowezi wameshaikata kwa theluthi 1921. Barua ya Septemba ilibadili nini?

---

Thogoto

Ilimwondoa afisa kwenye mstari wa kumtafutia mlowezi watu. Kodi, kipande na mshahara haikugusa. Hata barua za Lambeth hazikuvigusa kwa uzito uleule, na hilo ni lawama ya haki. Kina Davidson walikuwa wepesi kwenye neno shuruti na wazito kwenye kodi, wakati kodi ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi ya shuruti kila mwaka bila waraka wowote. Leys alilisema hilo waziwazi, na ndiyo sababu wengine walimwona mkorofi.

Lakini angalia pia Thuku aliongea nini kwenye mikutano yake: kazi za kulazimishwa, wasichana kupelekwa mashambani, kipande, kodi. Malalamiko yaleyale yaliyokuwa yakisafiri kwa meli kwenda Lambeth yalikuwa yakisemwa hadharani Nairobi na wenyewe. Barua zilikuwa mfereji mmoja. Tukizisoma peke yake tutadhani Mwafrika alikuwa akiongelewa tu.

---

Bint Muheza

Nakubaliana, na niongeze kwamba kwenye majalada yote mawili, la Lambeth na la wizara, ni nadra kukuta barua ya Mwafrika mwenyewe juu ya suala hili. Sauti zao zimo ndani ya barua za wamisionari, zimetafsiriwa na kupunguzwa. Ukinukuu, taja aliyeiandika.

---

Njia Panda

1923 ndiyo ile ya "maslahi ya Waafrika kwanza"?

---

Masjala Kuu

Ndiyo. Ugomvi ulikuwa kati ya walowezi na Wahindi kuhusu kura na nyanda za juu. Pande zote zilituma wajumbe London mwaka huo, na Dk. Arthur alisafiri pamoja na kundi la Lord Delamere, kiongozi wa walowezi, ili asemee Waafrika. Oldham akaona mwanya: wakati wawili wanagombana, rejesha hoja ya tatu. Akaandika kwamba serikali haiwezi kumpa mlowezi wala Mhindi madaraka juu ya mtu ambaye imejitwika udhamini wake. Davidson akalibeba hilo kwa Devonshire. Karatasi ya Julai 1923 ikatangaza kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika kwanza, na maslahi yao ndiyo ya juu pale yanapogongana na ya wahamiaji.

Maandishi yalikuwa makubwa kuliko matendo. Nyanda za juu zilibaki kwa wazungu, na Mwafrika hakupata mjumbe wa rangi yake kwenye Baraza la Kutunga Sheria hadi 1944, alipoteuliwa Eliud Mathu. Kwa mtu wa nyaraka kinachovutia ni namna fikra za mlei mmoja zilivyofika kwenye tamko la serikali. Weka waraka wa Oldham na Cmd. 1922 ubavu kwa ubavu, aya kwa aya, halafu rudi kwenye rasimu za wizara uone maofisa walipunguza wapi.

---

Mwalimu wa Zamu

Basi tuseme ukweli: Davidson alifanya hivi kwa Kenya tu, au ndiyo ulikuwa mtindo wake?

---

Kitabu Bluu

Ulikuwa mtindo wake. Mwaka 1906 na 1908 alihangaika na mawaziri juu ya miswada ya shule, ikamshinda. Juu ya Kongo alisukumana na Sir Edward Grey wa Mambo ya Nje, na 19 Novemba 1909 akaongoza mkutano mkubwa Albert Hall. Mwaka 1915 alimwandikia Asquith kupinga Waingereza kulipiza kisasi kwa gesi ya sumu. Utaratibu haubadiliki: barua binafsi kwanza, mazungumzo, halafu Nyumba ya Malodi, na mkutano wa hadhara akiona milango imefungwa. Weston alianzia pale Davidson alipomalizia, na ndiyo maana walichoshana.

---

Njia Panda

Swali la mwisho. Mtu yuko Dar au Nairobi, hana nauli ya London. Aanzie wapi?

---

Mchimba Nyaraka

Mijadala ya Bunge la Uingereza iko wazi mtandaoni bila malipo. Soma yote ya 14 Julai 1920, si hotuba ya Davidson pekee. Kisha Cmd. 873, Cmd. 1509 na Cmd. 1922 kwa mpangilio huo. Tengeneza jedwali la safu nne: tarehe ya kuandikwa, tarehe ya kupokelewa, mwandishi, aliyeandika rasimu. Safu ya nne itabaki tupu kwa muda mrefu, iache tupu, usijaze kwa kubahatisha.

Nairobi, nenda Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Moi Avenue. Omba taarifa za mwaka za wilaya na majimbo za 1919 hadi 1922. Humo utaona Waraka ulivyotekelezwa, kitu ambacho London hakipo. Angalia taarifa za wilaya mbili zinazopakana: moja iliyokuwa na mashamba ya walowezi na moja isiyokuwa nayo.

Hapo ndipo uagize nakala Kew. Usiombe "barua za Davidson kuhusu Kenya", watakurudishia swali. Tumia orodha yao ya mtandaoni, chagua CO 533, mwaka 1920, kitabu cha watu binafsi, taja herufi A na C, na utaje kwamba unataka karatasi za madokezo pamoja na barua. Usipotaja madokezo unaweza kupewa barua tupu, na utalipia mara ya pili.